Profesa Simpson na Mtaro wa Mlangoni Petu

  

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Wenzangu wakakimbilia wanasiasa, wanariadha na malenga. Mimi nikamchagua daktari mmoja Mskochi, Profesa William John Ritchie Simpson. Najua wengi mtauliza, huyo naye ni nani? Enzi zake jina lake lilijulikana Calcutta, Cape Town, Hong Kong, Accra na hapa hapa Nairobi. Magavana walimwita kama vile sisi tunavyomwita fundi wa bomba usiku wa manane. Tena nitawaonyesha kwamba kila asubuhi mnapotoka nyumbani Majengo mkaruka mtaro kwa hatua moja ndefu ili viatu vya shule visiharibike, mnairuka historia yake.

Niliupata mkasa huu kwa ajili ya mtaro. Nyuma ya nyumba ya nyanya yangu unapita mtaro mweusi unaoteremka kuelekea upande wa Gikomba, mpaka Mto Nairobi. Hata ukizibuliwa leo, kesho umeziba tena. Miaka miwili iliyopita mvua ya Aprili iliufurisha ukaingia ndani hadi miguuni pa kitanda. Baada ya wiki chache mdogo wangu akashikwa na homa ya matumbo, akalazwa, akarudi nyumbani amekonda kama ng'onda. Siku hizo nilikuwa nikijiuliza: kwa nini mji wote umeinamia kwetu? Kwa nini maji machafu yakishuka hushuka Eastlands? Nikafikiri ni mlima na bonde tu, kazi ya Mungu. Kumbe kuna na kazi ya binadamu.

Simpson alizaliwa mwaka wa 1855 katika mji wa Glasgow, Uskochi. Hebu fikiria Uingereza ya wakati ule. Viwanda vilikuwa vimewajaza watu mijini kuliko nyumba zilivyoweza kuwameza. Mito ya miji ilikuwa mitaro, na kipindupindu kilikuwa kikija na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, mwaka wa 1858, Mto Thames ulinuka vibaya kiangazi hicho hata wabunge wa London wakashindwa kukaa karibu na madirisha. Bunge likatoa fedha upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya mji, ikayachukua maji taka hadi mashariki, mbali na nyumba za wakubwa. Shika neno hilo, msomaji: mashariki. Tutakutana nalo tena.

Kijana Simpson alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, akafuzu mwaka wa 1876, akapata shahada ya juu mwaka wa 1880. Hakuvutiwa sana na kukaa kliniki akingoja mgonjwa mmoja mmoja. Alitaka kutibu mji mzima kwa pamoja: maji yake, mitaro yake, nyumba zake, machinjio yake. Akawa afisa wa afya wa mji wa Aberdeen. Hiyo ndiyo kazi iliyomfungulia njia ya kwenda ughaibuni.

Mwaka wa 1886 alipelekwa Calcutta, mji mkuu wa Uhindi ya Waingereza wakati huo, awe afisa wa afya wa mji. Alikaa huko hadi mwaka wa 1897. Calcutta ilikuwa shule ngumu. Watu maskini waliishi katika vitongoji vya vibanda vilivyosongamana, wakichota maji ya kunywa, ya kuoga na ya kufulia katika vidimbwi vile vile. Miaka miwili tu kabla ya Simpson kufika, daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa amekichunguza kijidudu cha kipindupindu katika maji ya mji huo huo. Kwa hiyo Simpson hakuwa akipigana na jini. Alijua adui yuko majini.

Na hapa lazima tumpe haki yake, kwani mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, naye Simpson hakuwa hata mnyonge. Alipigania maji safi, akapigania mitaro, akawachukiza wenye nyumba za kupangisha waliokula kodi bila kutengeneza choo. Mwanasayansi Waldemar Haffkine alipofika Uhindi mwaka wa 1893 na chanjo yake ya kipindupindu, wengi walimtazama kwa shaka. Simpson alikuwa mmoja wa waliomshika mkono. Chanjo ikajaribiwa katika vitongoji vya Calcutta mwaka wa 1894, na Simpson akafuatilia nani aliugua na nani alipona. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu makini.

Lakini kuna jambo moja la Calcutta nataka ulikumbuke. Kabla ya Simpson kufika, mji huo ulikwisha kujengewa mifereji ya chini ya ardhi. Mifereji hiyo iliyabeba maji taka ya mji na kuyapeleka mashariki, kwenye nyanda tambarare za chumvi na vinamasi. Wakubwa wa mji waliiona sehemu ile kama jaa tu. Uchafu ukifika huko, basi, habari imekwisha. Hakuna aliyeuliza kuna nani huko.

Simpson aliporudi Uingereza jina lake lilikuwa kubwa. Mwaka wa 1898 akawa Profesa wa Usafi katika Chuo cha King's, London. Mwaka huo huo, akishirikiana na daktari James Cantlie, akaanzisha jarida la tiba ya nchi za joto. Mwaka wa 1899 Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ilipofunguliwa London, Simpson alikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele kuianzisha na kufundisha humo. Madaktari waliotumwa makoloni walipitia mikononi mwa watu kama yeye. Vitabu vyake juu ya tauni na juu ya kuhifadhi afya katika nchi za joto, vyote viwili vya mwaka wa 1905, vilibebwa masandukuni hadi Afrika.

Wakati huo tauni ilikuwa imeanza safari ya kuzunguka bandari za dunia. Ilizuka Hong Kong mwaka wa 1894, ikafika Bombay mwaka wa 1896, kisha ikapanda meli kwenda kila upande. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya hupenda nafaka, takataka na msongamano. Kila mji ulioshikwa na hofu ulimtafuta mtaalamu. Mtaalamu akawa Simpson.

Mwaka wa 1901 alikuwa Cape Town. Tauni ilipoingia humo, serikali iliwahamisha Waafrika kwa nguvu kutoka mjini hadi kambi ya Uitvlugt, ambayo baadaye iliitwa Ndabeni. Ilisemekana ni kwa ajili ya afya. Tauni ikaisha, watu hawakurudishwa. Mwaka wa 1902 alikuwa Hong Kong. Mwaka wa 1908 akaenda Accra, katika nchi ambayo leo ni Ghana, ambako tauni ilikuwa ikiua. Kila alipokwenda alitoa ushauri mzuri: ueni panya, toeni chanjo, jengeni mitaro, pasueni njia za upepo kati ya nyumba. Lakini pamoja na ushauri huo alikuwa na dawa nyingine katika mkoba wake: Wazungu wakae mbali na wenyeji. Dawa hii ya pili ndiyo iliyopendwa zaidi na serikali, maana mitaro inagharimu pesa nyingi, lakini kumhamisha maskini ni amri na askari wachache tu.

Sasa, msomaji, tuje nyumbani.

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama stesheni ya reli. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi. Palikuwa na mto, na kando ya mto palikuwa na kinamasi chenye mafunjo. Wajenzi wa reli walipenda uwanja tambarare wa kupanga mabehewa yao, hawakujali udongo mweusi unaoshika maji kama sifongo. Madaktari walilalamika tangu mwanzo kwamba mji umejengwa mahali pabaya. Wakubwa wakapanda mlimani upande wa magharibi, ambako ni pakavu. Wahindi wakasongamana katika Bazaar karibu na kinamasi. Waafrika wakajijengea vijiji vyao pembeni: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani, Kileleshwa.

Tauni ikabisha hodi mwaka wa 1902, na serikali ikaichoma Bazaar ya Wahindi moto. Ikajengwa tena, na tauni ikarudi tena katika miaka iliyofuata. Ndipo mwaka wa 1913 Wizara ya Makoloni ikamtuma Profesa Simpson, wakati huo akiwa na umri wa miaka 58, aje azitazame Afrika Mashariki, Uganda na Unguja. Alitembea akakagua. Aliona nyumba zilizobanana, visima karibu na vyoo, maji yaliyotuama, panya katika maghala ya nafaka. Yote hayo aliyaona sawasawa. Ningekuwepo ningemshika mkono nimpeleke kila uchochoro.

Ila alipoketi kuandika ripoti yake, iliyotoka wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikianza, aliyachanganya mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza lilikuwa uchafu. La pili lilikuwa watu. Alishauri Nairobi na miji mingine igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na kati ya Wazungu na wengine kuwe na ukanda mtupu wa kuwatenga. Hoja yake ilikuwa kwamba desturi za makabila haya ni tofauti, na magonjwa ya mmoja yatamwambukiza mwingine. Yaani mtu mwenyewe akahesabiwa kama mtaro.

Wahindi walipinga vikali. Vita navyo vikachelewesha mambo. Mwaka wa 1923 serikali ya Uingereza, katika Waraka wa Devonshire, ikaacha wazo la kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini kwa sheria. Lakini wazo likishaingia katika ramani, si rahisi kulifuta kwa kalamu. Mji uliendelea kupangwa vile vile: magharibi kwenye miti na hewa kwa Wazungu, kaskazini kwa Wahindi, mashariki kwa Waafrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndipo Pumwani yetu ikapimwa, mtaa wa kwanza rasmi wa Waafrika chini ya Halmashauri ya Mji. Vile vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Babu yake nyanya alitoka Mji wa Mombasa na mke wake, mbuzi watatu na mlango wa nyumba, maana mlango ulikuwa mali. Akapewa kiwanja cha kulipia kodi, akajenga nyumba ya Kiswahili kwa miti na udongo, vyumba pande mbili na ukumbi katikati. Halmashauri ikaweka vyoo vya umma na mabomba ya maji ya pamoja. Pangani ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ikavunjwa mwaka wa 1939, na wengi wa watu wake wakaletwa Shauri Moyo.

Wazee wa kwetu husema jina Pumwani lina uhusiano na kupumua na kupumzika. Ati watu waliohamishwa huku na huku, hatimaye wakapata mahali pa kuvuta pumzi. Kama ni hivyo, walioliita jina hilo walikuwa na matumaini makubwa.

Simpson hakuijenga Pumwani kwa mkono wake, na si haki kumtwika kila jiwe. Hata asingekuja, serikali ya kikoloni ingetafuta sababu nyingine. Lakini yeye aliwapa sababu iliyovaa koti jeupe la daktari. Tena angalia kilichofuata. Ile nusu ya ushauri wake iliyosema watengeni watu ilifuatwa. Ile nusu iliyosema jengeni mitaro, punguzeni msongamano, leteni maji safi, ilifuatwa milimani na kusahauliwa bondeni. Na lile bonde lililokuwa na mafunjo likakaushwa, kwa hofu ya mbu na malaria.

Profesa aliendelea kuheshimiwa. Alifundisha King's hadi mwaka wa 1923, na mwaka huo huo akapewa cheo cha Sir. Mwaka wa 1926 ilipofunguliwa Taasisi ya Ross huko London, kwa heshima ya Ronald Ross aliyegundua kwamba malaria huletwa na mbu, Simpson alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Alifariki mwaka wa 1931 akiwa na umri wa miaka 76. Aliitumikia afya ya miji kwa zaidi ya nusu karne, na nadhani alilala akiamini amefanya mema matupu.

Makala ya maisha ya mtu huishia kaburini. Haya yangu hayawezi, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa Simpson, lile jaa la mashariki ya Calcutta lilikuwa likimjibu, naye hakusikia.

Huko kwenye vinamasi, wavuvi maskini walikuwa wamepoteza riziki. Mto Bidyadhari, uliokuwa ukileta maji ya chumvi, ulikuwa umekufa kwa kujaa tope. Kilichobaki ni maji taka ya mji. Basi karibu na mwaka wa 1930 wavuvi wakaanza kuyaingiza maji hayo katika mabwawa yenye kina kifupi, kidogo kidogo, wakayaacha yapigwe na jua. Bakteria wakaula uchafu. Mimea midogo ya kijani ikaota majini. Samaki wakaila mimea ile. Kando kando wakaotesha gugu maji ili lizuie mawimbi yasibomoe kingo na lisaidie kufyonza sumu. Maji yaliyotoka upande wa pili yakaenda kwenye mashamba ya mpunga na mboga. Hakuna profesa aliyewaelekeza.

Kwa nusu karne mji haukujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Dhrubajyoti Ghosh alitumwa kuchunguza maji taka ya Calcutta huenda wapi, akayafuata kwa miguu hadi kwa wavuvi. Alichokiona kilimshangaza: mji mkubwa vile ulikuwa ukisafishiwa maji yake na watu ambao haukuwalipa hata senti. Alitumia maisha yake yote kuyatetea mabwawa hayo dhidi ya wajenzi wa majumba, hadi alipofariki mwaka wa 2018. Mwaka wa 2002 vinamasi hivyo, vyenye hekta 12,500, viliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani.

Naam, tazama tofauti. Simpson aliona maji machafu akasema yapelekwe mbali, na watu wa aina fulani wakae mbali pia. Wavuvi waliona maji yale yale wakasema, haya ni maji yaliyobeba mzigo, tuyatue mzigo wake. Neno zima la makala haya ni hilo.

Wanasayansi nao walifika huko kwa njia yao. Ujerumani, katika miaka ya 1950, mwanabotania Käthe Seidel wa Taasisi ya Max Planck mjini Plön alikuwa akichunguza matete ya ziwani, yale yanayosukiwa mikeka na viti. Akagundua kwamba matete hayo yanaweza kupunguza sumu na viini vya magonjwa katika maji. Wahandisi wengi walimtilia shaka. Majani yatasafishaje maji ya choo? Lakini aliendelea na majaribio miaka mingi, na alipofariki mwaka wa 1990 vinamasi vya kutengenezwa vilikuwa vimejengwa katika nchi nyingi.

Kinamasi cha namna hiyo hufanyaje kazi? Nitaeleza kama nilivyoelewa, na walimu wa sayansi mnisahihishe nikikosea. Kwanza maji taka huingia katika tangi la chini, uzito ukazama. Tope hili lazima liondolewe mara kwa mara. Kisha maji hupita katika shimo refu lenye kina kama cha sentimita 60, lililotandikwa karatasi ngumu ya plastiki au udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye ardhini. Shimo hujazwa kokoto na kupandwa matete au mafunjo. Maji hupita chini ya uso wa kokoto, hayaonekani, kwa hiyo hayanuki sana na mbu hapati pa kutagia. Bakteria hujishikiza kwenye kokoto na mizizi wakaula uchafu. Mizizi huwaletea hewa kidogo na kusaidia kokoto zisizibane. Viini vya magonjwa hunaswa au hufa njiani. Baada ya siku kadhaa maji hutoka upande wa pili yakiwa meupe. Si ya kunywa, la hasha! Lakini yanaweza kumwagilia miti, au kurudi mtoni bila kuua. Hakuna mashine, hakuna umeme, wala dawa ya kununua ng'ambo.

Usidhani ni hadithi ya Wazungu na Wahindi. Hapa hapa Nairobi, mwaka wa 1994, kilijengwa kinamasi cha aina hiyo kusafisha maji taka ya hoteli ya Carnivore na bustani ya michezo ya maji ya Splash kule Langata. Watafiti walikipima katika miaka ya 1990 wakakuta uchafu mwingi umeondolewa, na mahali penyewe pamependeza kwa miti na ndege. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza utafiti wake mwaka wa 1998, na vinamasi vikajengwa hata katika taasisi za masomo mjini Iringa. Wanafunzi kama sisi, msomaji!

Kuna atakayesema, wewe umeota. Majengo hakuna nafasi ya kuweka hata kiti, utaweka kinamasi wapi? Hoja yake ni ya kweli. Katika nchi za joto kinamasi huhitaji kama mita mraba moja au mbili kwa kila mtu, na kwetu mita mraba mbili ni chumba cha mtu na mkewe. Siwezi kudai matete yataitibu Pumwani nzima. Pumwani inahitaji mabomba makubwa ya maji taka kama mitaa mingine, na hilo ni deni la zamani. Lakini hata maji yanayoingia kwenye bomba hayapotei. Mengi ya Nairobi huenda kwenye mabwawa makubwa ya Ruai, ambako jua na bakteria hufanya kazi ile ile ya wavuvi wa Calcutta, kisha huingia Mto Nairobi. Yanayovuja njiani huingia mtoni bila kusafishwa. Mto Nairobi huingia Athi, Athi huitwa Galana, Galana huitwa Sabaki, na Sabaki humwaga baharini karibu na Malindi. Sisi tunalalamika kwamba watu wa juu wanatumwagia. Na watu wa Malindi, je, watulalamikie sisi?

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Shule yetu ina jikoni na mabomba ya kunawia mikono. Maji yake hupita nyuma ya darasa lililokuwa la Kidato cha Kwanza, na kila mmoja wetu anakumbuka alivyosoma mwaka wake wa kwanza akiziba pua. Hapo nyuma pana kipande cha ardhi ambacho hatukitumii ila kuvutia majani ya adhabu. Chama cha Kiswahili kikishirikiana na Chama cha Sayansi, tukamwomba mwalimu mkuu, tukapata mtaalamu wa kutupimia, tunaweza kuanza na maji ya jikoni peke yake. Matete tutayatoa mtoni, yangali yapo. Yakikua tutayakata, nyanya zetu watayasuka. Kazi ya kusafisha tangi tutaipokezana kwa zamu, maana kinamasi kisichotunzwa hurudi kuwa kidimbwi cha kunuka.

Mdogo wangu amepona, yuko darasa la sita, anacheza mpira karibu na mtaro ule ule. Mpira ukianguka ndani huuchukua kwa mkono, nami hupiga kelele. Nyanya hucheka akasema sisi tumeuzoea. Mimi sitaki tuuzoee. Profesa Simpson aliamini uchafu una kabila na mtaa wake. Tukiuzoea mtaro, tutakuwa tumemkubalia.

Nimalizie hapa nisiwachoshe. Mkipita kwetu Majengo karibuni chai. Ila tazameni mnapokanyaga.

Alamsiki.